Jicho la Samaki wa Leo

Mama Jeanine alikataa kukaa. Chumba cha mashine kilikuwa na kiti kimoja cha pulastiki, na Sista Mwewa, nesi wa wazazi, alikisukuma na kukisukuma mpaka kikamugusa magoti, lakini yeye alibaki amesimama karibu na mulango, kitenge kimekazwa kiunoni, mukoba kwapani, kama mutu aliyepanda mutumbwi wa watu asiowajua. Mwenye kukaa husinzia. Na yeye hakuja pale kupumzika, alikuja kuchunga.

Kitandani alilala Mable, mukwe wake, muke wa Ghislain. Tumbo lilikuwa nje, limepakwa mafuta ya baridi yanayong'aa. Dirisha lilikuwa limefunikwa na blanketi ya kijivu ili picha ionekane vizuri kwenye kioo. Blanketi hiyo ndiyo ilimuchokoza Mama Jeanine kwanza. Kazi ya haki inafunikiwa nini?

"Maman, kaa basi. Itakamata muda," alisema munganga.

"Niko muzuri, docteur. Miguu yangu bado haijakuja kukushitakia."

Sista Mwewa alicheka. Munganga hakucheka. Jina lake André, kijana wa Lubumbashi, alivuka ziwa mwaka ule wa tisini na nane vita ilipoanza tena ng'ambo, Kongo, na hospitali ya misioni pale Nchelenge, upande wa Zambia, ikamupa kazi. Alisema Kiswahili kile kile cha nyumbani, na watu walimupenda kwa sababu hiyo. Mama Jeanine hakumupenda kwa sababu hiyo hiyo. Mutu wa Lubumbashi, mwenye masomo yote yale, anatafuta nini huku kwenye harufu ya chisense, visamaki vya kuanika, kama si kitu ambacho hawezi kukitafuta kwao?

Munganga alipitisha kile chombo chake juu ya tumbo polepole, kama mutu anayepiga pasi shati la kuazima. Kwenye kioo vitu vyeupe na vyeusi viliogelea, kama mvua inayoanguka juu ya majivu.

"Ni juu ya ule mutoto wa kwanza njo tunaangalia huyu vizuri," alisema. "Nsama, si vile? Ule mwenye macho meupe."

"Eya, mukwai," Mable alijibu chini chini. Hakuna aliyekuwa anapenda kutaja macho ya Nsama. Mutoto alikuwa na miaka minne, alikaa juu ya mukeka kutwa nzima, akigeuza sikio mahali ambapo wengine wanageuza uso.

"Bon. Hiki ni kichwa. Hapa ndani ni bongo. Munaona huu mustari wa katikati? Upande wa kuume, upande wa kushoto. Hivi vyumba vyeusi ni maji ya bongo, havikuvimba. Nyuma kule ni bongo ndogo. Yote iko muzuri." Alipumua. "Sasa natafuta macho."

Mama Jeanine alisogea hatua moja. Kupima kichwa alikuelewa: kichwa ndicho kinachopita mulangoni. Lakini macho? Macho ya mutu ambaye hajazaliwa, ambaye hajaona jua, unayatafuta ya nini? Toka utotoni kwao Kilwa, ng'ambo ya ziwa, alisikia habari za batumbula, wale wanaosemwa kwamba wanakamata watu njiani na kuwauza kipande kipande kwa wanaojua kazi yake. Akina mama waliita watoto ndani kwa jina hilo. Lakini batumbula wale walingoja mutu atembee kwanza.

Ghafula picha iligeuka, na uso ukawatazama wote. Haukuwa uso, ulikuwa fuvu. Mahali pa macho palikuwa na mashimo mawili. Moja lilikuwa jeusi, jeusi kabisa, tupu kama kisima. La pili ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kimebaki.

Munganga alisimamisha mukono. Akaweka alama ndogo kama misalaba juu ya lile lenye weupe, akapima. Mashine ikatapika karatasi yenye picha. Akamwita Sista Mwewa karibu, akamunong'oneza kwa Kiingereza. Mama Jeanine aliuza samaki tangu akiwa musichana. Alijua mutu aliyeona mali na kumwita mwenzake anafananaje.

"Moja mumekwisha kulitosha, mumeling'oa!" alipiga kelele.

"Maman?"

"Naona! Miye haiko kipofu! Upande moja mumetosha, munaacha shimo, sasa munapima ya pili!" Aliikamata blanketi ya dirishani akaivuta na misumari yake. Jua likaingia chumbani, na picha ikapotea kwenye kioo kama mwizi aliyesikia mubwa. "Vaa, Mable. Tunaenda."

"Mama, docteur hajamaliza..."

"Upande moja amemaliza. Unataka umungojee?"

Mable alitoka na mafuta bado tumboni, vazi likamunata mwili. Watu waliopanga foleni kwenye benchi walimutazama toka kichwa mpaka tumbo, na mama mumoja akavuta mutoto wake karibu.

Sokoni Kashikishi meza ya Mama Jeanine ilipakana na ya Clémentine, mujane mwenye mudomo usiolala. Kesho yake asubuhi samaki wa makobo walikuwa wachache na wanunuzi wakali. Mama mumoja alimuinua samaki, akafunua mashavu yake, akamutazama jichoni, akamurudisha.

"Huyu ni ya juzi, bamayo."

"Ya juzi ni wewe!" Mama Jeanine alimujibu. "Angalia tena. Jicho yake ni nyeusi inawaka. Samaki ya juzi, jicho inakuwa nyeupe kama uji. Kama haujui samaki, kula majani."

Clémentine alingoja mama yule aende, akasogeza kiti chake. Alikuwa amekwisha kusikia. Kashikishi nzima ilikuwa imesikia.

"Yaya, miye sisemi eti batumbula haiko," alianza, akifukuza inzi kwa kipande cha karatasi. "Lakini jiulize. Juu ya nini mutoto wa kwanza macho, na wa pili tena macho? Batumbula hawarudie nyumba moja. Ao ni incila."

Neno hilo lilikaa mezani katikati ya samaki. Pwani hii yote wanalijua: muke au mume akitoka nje ya ndoa wakati tumbo limebeba, kosa halimupati yeye, linamupata mutoto.

"Ghislain anavuka ng'ambo, anakaa kule," Clémentine aliendelea. "Nani anachunga nyumba?"

"Miye."

"Unalala sokoni ao nyumbani? Bon. Miye sikusema kitu. Lakini bamujomba ya Mable wanapashwa kujua. Kwa Babemba mutoto wa dada ni mali ya mujomba. Aje akamate mali yake."

Kabla soko halijafungwa Mama Jeanine alimuona mutu wa baisikeli anayebeba samaki kwenda Kabuta, akamupa ujumbe kwa Mpundu, ndugu ya mama ya Mable: Jumapili aje, kuna neno.

Jioni ile, Mable alipokuwa amepiga magoti mbele ya sufuria na kunyosha mukono kwenye kopo la chumvi, Mama Jeanine aliwahi kulichukua.

"Chumvi nitatia miye," alisema.

Kwao Mable, muke ambaye mwili wake una neno hatii chumvi katika chakula cha wengine, wasije wakakohoa na kufa. Ukimunyima muke kopo la chumvi umemwita malaya bila kufungua mudomo. Mama Jeanine aliishi upande huu muda wa kutosha kulijua hilo, ndiyo sababu alilifanya.

Mable alibaki na mukono umenyoshwa hewani. Halafu akaurudisha, akaupangusa kwenye kitenge, ingawa haukuwa na kitu.

"Mama atie," alisema.

Nsama juu ya mukeka aligeuza sikio. "Mama, juu ya nini unapumua vile?"

"Moshi, mwana."

Siku ya tatu yake, Mama Jeanine alirudi toka sokoni mapema kwa sababu samaki walikwisha. Akamuona Mable mbali, katikati ya njia ya hospitali, Nsama mugongoni, anatembea haraka kama tumbo si lake.

Kumbe! Damu ilimupanda kichwani. Alimufuata nyuma ya baisikeli za samaki, nyuma ya ukuta wa kanisa, nyuma ya mama mwenye muzigo wa makaa. Kila Mable aliposimama kumuweka mutoto vizuri mugongoni, yeye aliinama akajifanya anafunga kiatu, na viatu vyake havikuwa na kamba. Wawili anawapeleka, aliwaza. Wa tumboni na wa mugongoni. Wamemuahidi nini?

Mable aliingia kwa munganga. Mama Jeanine akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda juu ya tofali, akatia jicho kwenye wavu wa dirisha. Wavu ulikuwa na vumbi. Aliona vivuli tu. Alisikia sauti ya mwanaume ikisema, "Mulete karibu, usiogope," na Nsama akicheka. Nsama hakuwa mutoto wa kucheka na wageni.

"Bamayo," alisema mutu nyuma yake. "Mulango uko huku. Dirisha ni ya mbu."

Ilikuwa Sista Mwewa, na mabakuli ya dawa mukononi. Nyuma yake wagonjwa wawili walikuwa wamesimama wanatazama mama mzima, mwenye wajukuu, amepanda juu ya tofali. Mama Jeanine alishuka. Alikung'uta kitenge. Akaingia kwa mulango, kichwa juu, kana kwamba ndivyo alivyopanga.

Ndani, munganga alikuwa amepiga magoti mbele ya Nsama na tochi ndogo kama kalamu. Kila aliposogeza mwanga, mutoto aliufuata na uso wake wote.

"Anaona mwangaza," alisema bila kugeuka. "Karibu, maman. Leo utakaa?"

"Utanieleza kwanza ile shimo."

Alichukua picha ya karatasi mezani, akaiweka mbele yake. Ilikuwa ile ile: fuvu, shimo jeusi, shimo lenye weupe.

"Sista ananiambia unauzisha samaki."

"Watu wananiambia unauzisha macho."

Mable aliinamisha kichwa. Munganga alijifuta paji la uso.

"Alors, niulize juu ya kazi yako. Samaki ya leo, jicho yake ikoje?"

"Nyeusi. Inawaka. Kila mutu anajua."

"Na ya juzi?"

"Nyeupe, kama..."

Mama Jeanine aliivuta picha karibu na pua. Alisogea nayo mpaka dirishani. Vidole vyake, ambavyo vilipindua mashavu ya samaki wengi kuliko nywele za kichwa chake, vilipita juu ya lile jeusi, halafu juu ya lile jeupe. Kila siku alitazama jambo hilo hilo mezani kwake, na siku ya mujukuu wake mwenyewe woga ulimugeuzia jicho. Jeusi ndilo zima. Jeupe ndilo bovu.

"Hakuna kitu tumetosha," alisema munganga. "Hii nyeusi ni kioo safi, mwangaza unapita. Hii nyingine inafanana kama iko na ukungu, sawa ule wa Nsama. Picha inaweza kunidanganya, tutajua akizaliwa. Lakini kama ni kweli, afike kwa munganga wa macho kule Kitwe mbele miezi mbili haijaisha."

"Mutoto wa miezi mbili mumukate jicho? Juu ya nini haraka ile?"

Munganga aliweka kidole juu ya jicho lake, akakipitisha polepole kando ya kichwa mpaka kisogoni. "Juu jicho ni mulango tu. Kuona kunafanyika huku nyuma, mu bongo. Kutoka mulangoni mpaka huku kuko njia, na mutoto anazaliwa njia ingali mupya, haijakanyagwa. Mwangaza njo unaikanyaga. Mulango ukibaki umefungwa, njia inaota majani. Unakuja kuufungua nyuma ya miaka, unakuta pori."

Mable aliuliza, "Na Nsama, docteur? Yeye ni pori?"

"Anafuata tochi. Si pori yote. Hataona kama wengine, sitakudanganya. Lakini tumupeleke."

Mama Jeanine hakuwa mutu wa kushindwa kwa siku moja. "Na ile nyeupe mutakayotosha, mutaipeleka wapi?"

"Ni takataka, maman."

"Takataka ya mutu ni mali ya mwingine. Nasafisha samaki, ninajua."

"Basi nitaandika kwamba muwe pale. Muiombe. Mutaitupa wenyewe."

Hapo ndipo alipokaa, bila kuambiwa, kwenye kiti cha pulastiki. Munganga akauliza, akiwa bado anachezea tochi: "Mu famille nani mwingine ana shida ya macho?"

"Kwetu hakuna," Mama Jeanine alijibu upesi. "Waulize upande wake."

"Upande wangu wote wanaona," alisema Mable. Alisita, akamukumbatia Nsama kifuani. "Ila Mama hapa anatia uzi ku shindano kwa kupapasa. Toka nimufahamu. Na anasemaka taa iko na ndevu."

"Nani hajui taa iko na ndevu?" Mama Jeanine aligeukia wengine akicheka. "Ukiwasha taa, si inatoa ndevu pande zote? Sista, wewe kwenu taa haina ndevu?"

Sista Mwewa alitazama chini. "Yangu haina, bamayo."

"Docteur?"

"Hapana, maman."

Kicheko kilimukauka mudomoni. Munganga aliomba ruhusa, akamuinua kidevu, akamulika jicho moja, halafu jingine.

"Iko kidogo," alisema. "Kama unga uliomwagika mu maji. Umezaliwa nayo. Baba ao mama yako alikuwa anaona vizuri?"

Mama Jeanine alimukumbuka baba yake mbele ya mutumbwi, kichwa kimeinama upande, na watu wa Kilwa wakimusifu: huyu hatazami samaki, anawasikia. Maisha yake yote alijivunia sifa hiyo.

"Si kosa ya mutu," munganga alisema polepole. "Ni damu, sawa sura ya pua. Inaweza kupita kwa Ghislain bila yeye kusikia kitu."

Mama Jeanine hakumutazama Mable. Lakini alijua Mable anamutazama.

Walirudi nyumbani wakifuatana. Mama Jeanine ndiye aliyembeba Nsama. Walipofika karibu na kisima, Mable alisema neno lake la kwanza.

"Mama, Jumapili ba yama, mujomba wangu, anakuja. Nimupikie nini?"

Mpundu alifika nyuma ya ibada, shati jeupe la kanisa limemulowa mugongoni, baisikeli imejaa vumbi la njia ya Kabuta. Ghislain alikuwa bado ng'ambo. Mugeni alikaa kwenye kigoda kivulini, akakataa maji.

"Nimeitwa," alisema, kwa Kiswahili chake cha kununulia nyavu. "Mutu akiitwa na wakwe, analeta kuku ao analeta masikio. Miye nimeleta masikio."

"Karibu, ba yama. Tulikuwa tunataka..."

"Njiani nimesikia tayari. Sokoni wananiambia eti mutoto wetu hatii chumvi." Alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi. "Sitauliza nani aliona nini. Muke asiyetia chumvi, nyumba hiyo si yake. Mable! Funga vitu. Utazalia Kabuta."

Chini ya paa la jiko, Mable hakusimama. Makobo walikuwa wanachemka ndani ya sufuria, na kopo la chumvi lilikuwa mahali lilipokaa wiki nzima, karibu na kiti cha mama mukwe. Hakusema kwamba Kabuta hakuna munganga. Hakusema alichokisikia hospitalini. Alimutazama tu Mama Jeanine, macho yamefinyika kidogo, kama mununuzi anayengoja kuona muuzaji atamupa kipimo cha haki au ataweka kidole kwenye mizani.

Mama Jeanine aliona jinsi lilivyo rahisi. Anyamaze tu. Siri iko kwa watu wawili wa hospitali na muke mumoja ambaye hakuna atakayemuamini. Mable ataondoka na aibu yake, mutoto atazaliwa Kabuta, majani yataota, na Kashikishi haitajua kamwe damu ilitoka wapi.

Nsama, juu ya mukeka, aligeuza sikio huku na huku, akiwatafuta waliokuwa wamenyamaza.

"Ba yama," alisema Mama Jeanine. "Uko na tochi?"

"Muchana?"

"Leta."

Mpundu alifungua mufuko wa baisikeli, akatoa tochi ya kuvulia. Mama Jeanine alivuta kigoda chake ndani ya kivuli cha jiko, akakaa, akarudisha kichwa nyuma mpaka shingo ikauma. Kwa vidole viwili akafungua kope zake, kama vile wanunuzi wanavyofungua samaki wake kila asubuhi.

"Wewe ni mutu wa samaki. Kagua."

"Mama, hii ni nini?"

"Kagua, nakuambia! Usinionee haya, miye sikumuonea haya mutoto wako."

Mpundu aliinama na tochi. Harufu ya vumbi na jasho lake ilimujaa puani. Mwanga uliingia na ndevu zake zote, ndefu, za rangi, zile alizozijua toka utoto. Mpundu alitazama la kwanza, akatazama la pili. Akarudi la kwanza.

"Hii samaki ni ya juzi," alisema mwishowe.

"Ni ya juzi toka nizaliwe. Nsama ameikamata kwangu. Na wa tumboni, labda. Hakuna incila mu nyumba hii. Mutoto wako hana neno. Neno liko kwangu." Alishusha kichwa. Machozi yalikuwa yanamutiririka, yawe ya mwanga au ya kitu kingine. "Kama utamubeba, mubebe. Lakini akizaa, mutoto afike Kitwe mbele miezi mbili. Nitakuja kukukumbusha kwa muguu kama baisikeli haiko."

Mpundu alizima tochi. Mama Jeanine alimunyoshea mikono kuomba musamaha. Hakuipokea, lakini hakurudia neno la kufunga vitu. Alikaa tena kwenye kigoda, akaomba yale maji aliyokataa.

Mama Jeanine alichukua kopo la chumvi. Alizunguka moto, akapiga magoti, magoti yakalia, akaliweka mbele ya Mable.

"Tia wewe."

Mable alilitazama kopo. Akafungua kifuniko, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja kwanza, kama mutu anayetaka kuhakikisha kwamba ni chumvi kweli. Akangoja.

Halafu akatia.